Kadi Mpya ya Michoro Isipotoa Picha: Mwongozo wa Kutafuta Tatizo kwenye Kompyuta ya Mezani

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi ni mashine zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na nyinginezo za aina hiyo. Ni mashine imara na bei yake inabebeka, lakini zilibuniwa kwa ajili ya karani anayeandika barua na kujaza majedwali, si kwa mtu anayehariri video, anayechora ramani za majengo au anayecheza gemu nzito. Ndiyo maana mwenye mashine hiyo hufika mahali akanunua kadi ya michoro, akaichomeka, akawasha, na kukutana na skrini nyeusi. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba ameuziwa kadi mbovu. Mara nyingi sivyo: kadi ni nzima, ila yapo masharti machache inayoyadai kwa mashine, na moja kati ya hayo halijatimizwa. Mwongozo huu unayapitia masharti hayo kuanzia lililo rahisi kukaguliwa hadi lile linalohitaji kuazima mashine ya pili.

Kanuni moja itawale kazi yote: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha washa na utazame. Fundi anayebadilisha pawa saplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme), waya na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kadi) kwa mkupuo anaweza kweli kuiponya mashine, lakini hatajua kilichoiponya, na mteja wake atalipia vipuri vitatu ilhali kilichohitajika ni kimoja.

Hatua ya 1: Itambue dalili kabla ya kushika bisibisi

Kuna hali nne ambazo watu huzitaja kwa maneno yale yale, kwamba “kadi haifanyi kazi”, ingawa kila moja ina chanzo chake. Ya kwanza ni mashine kutowaka kabisa, au feni kuzunguka kidogo kisha zikasimama. Hapo shuku umeme, na uanzie hatua ya 4. Ya pili ni mashine kuwaka, feni zikazunguka na taa zikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Hapo fuata hatua kwa mpangilio kuanzia ya 2. Ya tatu ni picha kuonekana ikiwa kubwa kupita kiasi, yenye ukungu, au gemu kwenda taratibu kana kwamba kadi haipo. Tatizo hilo kwa kawaida ni la draiva au la mipangilio, nalo linashughulikiwa katika hatua ya 6. Ya nne ni mashine kufanya kazi vizuri mpaka ipewe mzigo mkubwa, kisha ikazima au ikajiwasha upya ghafla, na maelezo yake yamo katika hatua ya 7.

Sikiliza pia milio. Mashine nyingi za ofisini zina kipaza sauti kidogo ndani ya kasha, na kwa OptiPlex za miaka ya mwanzoni mwa 2010 milio sita humaanisha kwamba kadi ya michoro haikuitika, huku milio miwili ikimaanisha kwamba RAM haikuonekana. Tofauti hiyo ina faida kubwa, kwa sababu mkono unaosukuma kadi mpya ndani ya kasha dogo huweza kulegeza kijiti cha RAM kilicho jirani, na mtu akatumia siku nzima kuilaumu kadi isiyo na kosa. Madabodi nyingi za kisasa, yaani bodi kuu zinazobeba vipuri vyote, hazina milio. Badala yake baadhi zina vitaa vinne vyenye maandishi CPU, DRAM (yaani RAM), VGA (hapa ni kadi ya michoro) na BOOT, na kitaa kinachobaki kikiwaka ndicho kinachoonyesha mahali mashine ilipokwama.

Hatua ya 2: Kagua waya wa skrini

Tazama nyuma ya kasha. Matundu ya picha ya madabodi yamepangwa pamoja na yale ya USB na ya spika, na matundu ya kadi mpya yako chini au pembeni yake, kwenye bamba la chuma la kadi yenyewe. Waya wa skrini lazima utoke kwenye kadi. Mashine nyingi zikishaona kadi huzima picha ya prosesa zenyewe, kwa hiyo waya ukibaki mahali pake pa zamani skrini itakaa nyeusi ingawa kila kitu ndani ni kizima. Kasoro hii ni ndogo kiasi cha kuchekesha, lakini ndiyo ninayoshauri ikaguliwe kwanza kuliko zote, hata kama aliyefunga kadi ni fundi mzoefu.

Kisha chunguza aina ya waya. Skrini nyingi za zamani hupokea VGA tu, yaani picha ya analogi, wakati kadi zilizotoka kuanzia mwaka 2016, yaani Nvidia za kizazi cha GTX 10 na AMD za kizazi cha RX 400, haziwezi tena kutoa mawimbi hayo ya analogi. Tundu lake la DVI, kama lipo, ni la kidijitali pekee, na adapta ile ya bei nafuu ya DVI kwenda VGA haiingii, kwa kuwa kadi haina matundu manne ya pini yanayozunguka ule mpasuo bapa. Hapo hitaji ni adapta yenye saketi ndani yake, inayogeuza HDMI au DisplayPort kuwa VGA. Inagharimu zaidi ya ile nyingine, na zile dhaifu huchemka na kukatakata picha, hivyo ukishaona picha inapotea kila baada ya muda mfupi, jaribu skrini yenye HDMI, hata runinga ya sebuleni, kabla ya kusonga mbele.

Usisahau skrini yenyewe. Kwa vitufe vyake hakikisha imechagua tundu ulilochomeka, kwani si zote zinazojichagulia, na ukitumia DisplayPort ichomoe skrini kwenye umeme kwa dakika moja kisha uirudishe.

Hatua ya 3: Itoe kadi na uirudishe

Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke, na uguse chuma tupu cha kasha kabla ya kushika kadi. Fungua skrubu ya bamba, bonyeza kilango cha plastiki kilicho mwishoni mwa sloti, kisha vuta kadi moja kwa moja kuelekea juu. Wengi husahau kile kilango, wakavuta kwa nguvu, na kuvunja plastiki ya sloti.

Angalia meno ya dhahabu yaliyo ukingoni mwa kadi. Kwa kadi iliyokaa ghalani au dukani katika maeneo ya pwani, kama Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ina chumvi na unyevu, huwa kuna utando hafifu usioonekana mpaka uielekeze kadi kwenye mwanga. Yafute meno hayo kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi kilicholowekwa spiriti ya aina ya isopropili, uache yakauke kabisa, na usiyaguse tena kwa vidole. Msasa na dawa za kung’arishia vyuma havifai hata kidogo, maana dhahabu ile ni tabaka jembamba sana.

Wakati wa kurudisha, chagua sloti sahihi. Kwenye OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 (Dell ililirudia jina hilo kwa mashine nyingine mwaka 2023, hivyo zingatia mwaka) kuna sloti mbili ndefu zinazofanana, lakini moja tu ndiyo yenye njia zote 16 za data. Nyingine ina umbo refu ilhali njia zake zilizounganishwa ni 4. Kadi itawaka katika zote mbili, ila kwenye ile ya pili haitafikia kasi yake. Isukume mpaka usikie kilango kikijifunga kwa mlio mdogo, halafu ukaze skrubu. Katika makasha membamba, bamba la kadi likiwa la urefu usiofaa au likikwama kwenye ukingo wa kasha, kadi huinuka kidogo upande mmoja, na meno ya nyuma hayagusi sloti. Ukiitazama kutoka pembeni utaona mstari wa dhahabu unaoonekana upande mmoja tu. Mstari huo usiwepo.

Hatua ya 4: Pima umeme

Hapa ndipo mashine za ofisini hushindwa zaidi, na ndipo pasipofaa kubahatisha. Sloti ya PCI Express huipa kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa waya kutoka kwenye pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza wati 150. Kadi yenye tundu la umeme lililoachwa tupu aidha haitawaka, au itawaka na kuonyesha ujumbe wa kuitaka plagi hiyo, au itazungusha feni zake kwa kasi yote pasipo kutoa picha.

Sasa piga hesabu ya mashine yako. OptiPlex 7010 yenye kasha dogo ina pawa saplai ya wati 240, na yenye kasha la mnara ina wati 275. Prosesa ya Core i5-3470 imekadiriwa wati 77. Ukiweka GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, ambayo ni ya wati 75, jumla ni wati 152, na hata ukiongeza diski, RAM, feni na madabodi bado umo ndani ya uwezo. Ukiweka RTX 3060, ambayo imekadiriwa wati 170, prosesa na kadi peke yake zimefika wati 247, na hapo hujaigusa diski. Hakuna draiva wala mpangilio wa BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) utakaoibadilisha hesabu hiyo. Kwa mashine ambazo pawa saplai yake haibadilishwi kwa urahisi, kadi za busara ni zile zinazoishi kwa umeme wa sloti tu: GTX 1050 Ti, GTX 1650 katika matoleo yasiyo na tundu la umeme, Radeon RX 6400, au RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024. Usiichanganye hii ya mwisho na RTX 3050 ya gigabaiti 8, ambayo hudai plagi ya ziada.

Kubadilisha pawa saplai si jambo la kukurupukia, kwa kuwa watengenezaji hawa walijitungia plagi zao. OptiPlex 7010 ya mnara bado ina plagi ya kawaida ya pini 24, lakini OptiPlex 9020 iliyofuata ina plagi kuu ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida kutoka dukani haitaingia humo bila adapta maalumu, na umbo lake huenda lisitoshe kwenye kasha. Pima kwanza, nunua baadaye.

Kuna adapta moja ninayoikataa moja kwa moja, nayo ni ile inayotoa plagi ya kadi kutoka kwenye plagi moja ya SATA, yaani ile ya diski. Plagi ya SATA hubeba takribani wati 54 kwa upande wa volti 12, wakati plagi ya pini 6 inaahidi wati 75. Tofauti hiyo hugeuka kuwa joto, na joto huyeyusha plastiki. Anayeuza adapta hiyo atasema ameuza nyingi na hakuna aliyerudi. Kadi hunywa umeme mwingi wakati wa kazi nzito tu, kwa hiyo hatari yake haionekani siku ya kwanza.

Kama pawa saplai yako ni ya aina inayoruhusu nyaya kuchomolewa pande zote mbili, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Plagi za upande wa kadi zinafanana duniani kote, ila zile za upande wa pawa saplai hupangwa na kila mtengenezaji anavyotaka, na waya wa mashine nyingine unaweza kupeleka volti 12 mahali palipotakiwa kuwa na arthi. Vilevile usichanganye plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya kadi: ya kadi kwa kawaida hugawanyika kuwa 6 na 2, ya prosesa hugawanyika 4 na 4. Ikigoma kuingia, usiilazimishe. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili.

Wenye kadi kubwa za RTX 40 na kuendelea wanakutana na plagi ndogo ya pini 16 inayoweza kupitisha hadi wati 600. Mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi ya plagi hizo ziliyeyuka kwenye kadi za RTX 4090, na moja ya sababu zilizobainika ni plagi kutoingia mpaka mwisho. Isukume hadi pasibaki mwanya wowote, na usiukunje waya karibu na plagi.

Hatua ya 5: Ingia kwenye BIOS

Kama skrini bado ni nyeusi, toa kadi, rudisha waya wa skrini kwenye madabodi na uwashe. Picha ikitokea, mashine yenyewe ni nzima na sasa unaweza kuirekebisha. Jaribio hili linawezekana tu kama prosesa ina sehemu ya michoro ndani yake. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na F hazina, wala Ryzen nyingi za kabla ya kizazi cha 7000 zisizo na herufi G.

Bonyeza F2 wakati wa kuwasha kwa Dell, au F10 kwa HP. Katika sehemu ya Video, hakikisha chaguo la kadi kuu liko kwenye Auto au kwenye kadi ya sloti. Soma toleo la BIOS na ulilinganishe na lililoko kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa sababu mashine iliyotoka kiwandani miaka kumi kabla ya kadi kubuniwa huenda isiitambue mpaka isasishwe. Usisasishe BIOS siku ambayo umeme unakatikakatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine inaweza isiwake tena, na hasara yake itakuwa kubwa kuliko ya kadi.

Suala la pili ni namna ya kuwaka. Kadi za zamani zisizofahamu UEFI, mrithi wa BIOS ya kale, hazitoi picha kwenye mashine iliyozimiwa CSM, ule mfumo wa kuigiza BIOS ya kale. Mtu anayeweka kadi kuukuu kwenye mashine mpya anapaswa kuwasha CSM na kuzima Secure Boot (kinga inayozuia programu isiyo na sahihi inayoaminika) kwa muda ili ajaribu. Lakini kabla ya kubadili namna ya kuwaka angalia Windows iliwekwa kwa mfumo upi, kwani iliyowekwa kwa mmoja haitawaka kwa mwingine.

Baada ya hapo zima na uchomoe umeme; kama hujabadilisha mpangilio wowote, toa pia betri ndogo ya duara iliyo kwenye madabodi kwa dakika chache na uirudishe, ili mipangilio irejee ya kiwandani. Chomeka kadi, washa, na uipe mashine dakika mbili au tatu kabla ya kuikatia tamaa, kwa maana mara ya kwanza hujizima na kujiwasha inapokagua vifaa vipya.

Hatua ya 6: Safisha draiva

Picha ikishatokea lakini ikawa kubwa na nzito, fungua Device Manager na utazame chini ya Display adapters. Ukikuta jina Microsoft Basic Display Adapter, kadi inaonekana ila haina draiva yake. Ukikuta jina la kadi likiwa na alama ya njano, bonyeza mara mbili usome namba: 28 humaanisha draiva haijasakinishwa, 12 humaanisha mashine imekosa nafasi ya kuigawia kadi, jambo linalorudi kwenye BIOS, na 43 humaanisha Windows imeisimamisha kadi baada ya kuripoti hitilafu. Namba 43 ndiyo inayoogopwa zaidi, lakini usiifanye hukumu ya kifo mpaka draiva iwe imesafishwa na kuwekwa upya.

Pakua kwanza draiva mpya kutoka kwenye tovuti ya Nvidia, AMD au Intel, na uhakikishe faili limekamilika, kwa sababu ni la mamia ya megabaiti na bando likiisha njiani utabaki na faili lisilofaa. Pakua pia programu ya Display Driver Uninstaller, inayojulikana kwa kifupi kama DDU. Kata intaneti, ili Windows isikimbilie kuweka draiva yake yenyewe katikati ya kazi, iwashe mashine katika Safe Mode, endesha DDU kuondoa mabaki ya draiva zote za zamani, washa upya kama kawaida, sakinisha draiva uliyopakua, na baada ya hapo tu ndipo urudishe intaneti. Utaratibu huu ni wa lazima kwa anayehama kutoka kadi ya AMD kwenda Nvidia au kinyume chake.

Kwa kadi za GTX 900 na GTX 10, zingatia kwamba Nvidia ilifunga mlango wa draiva za gemu kwa vizazi hivyo mwezi Oktoba 2025, na tawi la 580 ndilo la mwisho linalozihudumia kikamilifu. Kisakinishi kipya zaidi kikisema hakioni kadi inayofaa, hakimaanishi kwamba kadi imekufa. Tafuta draiva ya tawi hilo. Kwa Linux, andika lspci -nnk kwenye terminali uone kama kadi ipo na draiva gani imeishika. Kama draiva ya Nvidia imesakinishwa lakini haishiki, mara nyingi ni Secure Boot inayoizuia kwa kukosa sahihi.

Gemu zikiendelea kwenda taratibu ilhali draiva ni salama, fungua programu ya GPU-Z, inayoonyesha taarifa za kadi, na usome mstari wa Bus Interface. Alama ya @ x4 kwenye kadi yenye njia 16 inakuambia uko kwenye sloti isiyo sahihi au kadi haijakaa. Usishtuke ukiona namba ya kizazi ikiwa ndogo kadi ikiwa imetulia, kwa sababu hujishusha ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, uendeshe jaribio, na namba itapanda. RX 6400 ina njia 4 tu tangu kiwandani, hivyo kwenye mashine ya PCI Express ya kizazi cha 3 hupata nusu ya upana iliobuniwa nao. Kadi za Intel Arc nazo hupoteza kasi nyingi kwenye mashine isiyo na Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo. Hayo si magonjwa ya kutibiwa, ni uchaguzi wa kadi usiolingana na mashine.

Hatua ya 7: Mashine inayozima kazini

Hapa tofautisha mambo mawili. Skrini ikizima kwa sekunde moja kisha ikarudi na ujumbe kwamba draiva iliacha kuitika, Windows imeingoja kadi kwa sekunde mbili ikaona kimya, ikaiamsha upya. Tukio hilo huandikwa kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kwa namba 4101. Mashine ikizima yote kana kwamba umeme umekatika, utakuta Kernel-Power namba 41. La kwanza huelekeza kwenye draiva, joto au kumbukumbu ya kadi. La pili huelekeza kwenye umeme.

Na umeme hauishii kwenye pawa saplai. UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika) ndogo ya VA 650 inayopatikana madukani hutoa takribani wati 325 hadi 390 ikiwa betri yake ni mpya. Mashine inayotumia wati 300 ndani huvuta zaidi ya hizo ukutani, kwa kuwa pawa saplai hupoteza sehemu kama joto. Ongeza skrini, na UPS hiyo ambayo ilibeba kompyuta ile ile kwa miaka mitatu sasa italia na kukata pale gemu inapoanza. Ili kulithibitisha hilo, chagua wakati ambao umeme umetulia, chomeka mashine moja kwa moja ukutani, na urudie mzigo ule ule. Isipozima, umempata mhusika bila kununua chochote.

Kwa joto, acha GPU-Z ikiwa wazi huku ukiendesha kazi nzito kwa dakika kumi na tano. Kadi nyingi hukaa kati ya nyuzi 60 na 80. Zikikaribia 85 hujipunguzia kasi. Kama joto linapanda upesi kasha likiwa limefungwa na linashuka ukifungua ubavu wake, kadi haina kosa, kasha ndilo lisilopumua, na makasha membamba ya ofisini yana feni moja au mbili tu. Kama linapanda hata kasha likiwa wazi, sikiliza feni za kadi na utazame vumbi.

Vimraba vya rangi na mistari iliyokatika huamuliwa kwa swali moja: vinaonekana hata kwenye BIOS? Vikionekana humo, kabla draiva yoyote haijapakiwa, na ukishabadilisha waya na skrini bado vipo, kadi yenyewe ina ubovu, mara nyingi kwenye vijiwe vya kumbukumbu.

Hatua ya 8: Thibitisha kwamba kadi ni ile iliyoandikwa kwenye boksi

Kadi bandia zipo, hasa zilizoagizwa mtandaoni kwa bei ya kutupwa. Mbinu iliyozoeleka ni kuchukua kadi ya zamani ya kizazi cha GTX 500, kubadilisha programu iliyo ndani ya kijiwe chake, na kuifanya ijitambulishe kama GTX 1050 Ti yenye gigabaiti 4. Windows huamini jina hilo, draiva rasmi hukataa kushika au hutoa namba 43, na gemu huanguka mara kumbukumbu ya kweli inapojaa. GPU-Z, tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018, huweka neno FAKE mbele ya jina la kadi za Nvidia za namna hiyo. Tundu la VGA kwenye kadi inayojiita GTX 1050 Ti ni sababu ya kutosha ya kuichunguza kabla ya kutoa pesa.

Ikiwa hatua zote zimepita na kadi bado inagoma, ipeleke kwenye mashine nyingine ambayo tayari inaendesha kadi inayotumia umeme kama huo au zaidi, uichomeke humo kwa draiva safi. Ikifanya kazi, rudi kwenye hatua ya 4 na ya 5 ya mashine yako. Isipofanya kazi, piga picha ya ukurasa wa GPU-Z au ya skrini yenye kasoro, namba ya serial iliyo mgongoni mwa kadi na risiti, kisha mpelekee muuzaji kadi ikiwa na boksi lake, mifuko yake na stika za waranti zikiwa hazijachanwa. Usiifungue kadi ili kubadilisha pesti ya joto kabla ya hapo: wauzaji wengi wakikuta skrubu imeguswa hukataa kuipokea.